Sindano za Popi: mambo ya kutarajia mbwa anapotibiwa kansa

Swali la msomaji

"Assalaam alaykum daktari. Naandika kutoka Jambiani. Tuna mbwa jike, Popi, umri miaka minne, uzito kilo 18, analinda nyumba na banda la mbuzi. Tangu mwisho wa masika anatokwa na matone ya damu nyuma. Tulidhani yumo kwenye joto, lakini joto lenyewe haliishi. Daktari wa mifugo amemtazama akasema ni kansa, atamchoma sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, pengine wiki sita. Niliposikia nililia. Mimi ndiye niliyemuuguza shangazi yangu alipokuwa akitibiwa Ocean Road kule Dar. Nakumbuka alivyonyonyoka nywele, na uji mwepesi ukimshinda. Sitaki kumfanyia hayo mnyama asiyeweza kusema. Halafu nyumbani kuna mtoto wa mwaka na nusu, na mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano. Nimtibu au nimwache? Nikimtibu, nitarajie nini?"

Jibu

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mtibu. Nalitanguliza hilo ili usisome barua yote hii roho ikiwa juu. Katika kansa zinazowapata mbwa, hii ninayoidhania kuwa ya Popi ni miongoni mwa zinazosikia dawa vizuri kabisa. Mbwa wengi wanaomaliza sindano zao hupona moja kwa moja, si kupata nafuu ya muda. Na safari yenyewe si ile uliyoipita na shangazi yako. Nitakueleza kwa nini, kisha nikupitishe humo, ujue siku gani ya kulala usingizi na siku gani ya kupiga simu.

Nasema "ninayoidhania" kwa sababu sikumwona. Lakini mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi, anayezurura na madume wa kijijini, anatokwa na damu isiyokatika, na daktari wake kapanga sindano moja kila wiki: maelezo hayo yote yananipeleka kwenye uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana. Daktari akipanua uke huona nyama nyekundu, laini, yenye vinundu vinundu mfano wa jiwe la matumbawe, na ukiigusa tu inachuruzika damu. Mwulize jambo moja kabla ya sindano ya kwanza: je, alipaka ute wa uvimbe kwenye kioo akautazama kwa hadubini? Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa. Seli za uvimbe huu ni za mviringo, na ndani yake mna vitundu vidogo vyeupe vilivyojipanga kama shanga kwenye uzi. Ukishaziona mara moja huzisahau. Nasisitiza kwa kuwa usaha wa kizazi nao hutoa damu, na uvimbe wa aina nyingine pia hutoa damu, na dawa aliyopangiwa Popi haitavifaa hivyo.

Kansa hii ina ajabu yake, na ajabu hiyo ndiyo itakayokuondolea wasiwasi juu ya mtoto. Kansa nyingi huanzia katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hii haikuanzia kwa Popi. Seli zilizomo ndani yake ni kizazi cha seli za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alikufa, seli zake zikabaki zikihama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, kunusana, kulambana na kuumana, mpaka zimeenea karibu dunia nzima. Mwaka 1876 mganga wa wanyama wa Urusi, Novinsky, alizihamisha kwa mkono wake kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, zikashika zikaota. Zinashika kwa mbwa. Kwa binadamu hazishiki. Mwanao hawezi kupata kansa hii kwa Popi, wala mdogo wako, wala mbuzi. Kuna jambo jingine la kujihadhari nalo nyumbani, nalo ni dawa yenyewe. Nitalifikia.

Sasa shangazi yako. Kwa binadamu, madaktari hupandisha dozi hadi pale mwili unapoweza kustahimili, kwa sababu wanapigania miaka mingi ya maisha, na mgonjwa ameelezwa akakubali kuumia ili apone. Mbwa hawezi kukubali wala kukataa. Kwa hivyo sisi tunaotibu wanyama tumejiwekea kipimo kingine: dozi iwe ndogo kiasi cha mbwa kuendelea kula, kucheza na kubweka. Mbwa wengi hupita matibabu haya bila shida kubwa, na wanaohitaji kulazwa ni wachache. Na kwa ugonjwa wa Popi hata mchanganyiko wa dawa hatuuhitaji. Ni dawa moja, vinkristini, na kwa kilo 18 anapata karibu nusu mililita kwa wiki. Hiyo ni kama sehemu ya kumi ya kijiko cha chai.

Nywele je? Nywele za kichwa cha binadamu hazisimami kukua, na dawa hushambulia kila seli inayojigawa kwa haraka, ndiyo maana shangazi yako alinyonyoka. Manyoya ya mbwa wetu wa kienyeji hukua yakafika kipimo chake yakapumzika. Popi hatanyonyoka. Pengine atapoteza sharubu chache, na pale mguuni patakaponyolewa kwa ajili ya sindano patachelewa kuota. Wanaopukutika ni mbwa wa kizungu wenye manyoya ya kukatwa kwa mkasi kila baada ya muda, kama pudo.

Vinkristini ilipatikana kwanza katika ua unalolijua, ingawa huenda hujui jina lake la kitaalamu: kile kichaka kifupi chenye maua ya waridi au meupe, petali tano, kinachooteshwa mbele ya nyumba na kwenye makopo barazani, kinachostahimili jua na mchanga. Asili yake Bukini, yaani Madagaska. Dawa hii huzuia seli kujigawa mara mbili, na ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watoto wenye kansa ya damu. Nalitaja ua hili kwa sababu mwenye mbwa mmoja wa huku mjini alipolisikia kwangu alitaka kuchemsha majani yake amnyweshe mnyama, aokoe nauli. Usithubutu. Katika majani mna sumu nyingi zilizochanganyika, huwezi kuzipimia, na kuzinywa si sawa na kuchomwa dawa iliyosafishwa. Ukifanya hivyo utamuua Popi kwa nia njema.

Kabla ya sindano ya kwanza daktari achukue damu. Kwetu Zanzibar hili ni la lazima kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya kupe. Kupe wa mbwa anaambukiza vijidudu vinavyokula chembe za damu, na mbwa anaweza kutembea navyo miezi kadhaa anaonekana mzima, labda amepungua kidogo, labda ufizi umepauka. Ukimchoma vinkristini mbwa wa namna hiyo, chembe nyeupe zinazidi kushuka na chembe za kugandisha damu huenda zimeshakwisha. Mara nyingi nimeahirisha sindano kwa wiki mbili au tatu ili nimtibu mbwa homa ya kupe kwanza, na sijawahi kujuta. Kansa hii haina haraka ya namna hiyo. Mchunguze masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia, uende kwa daktari na habari kamili.

Mwambie pia daktari kama Popi alipandwa karibuni. Dawa hii haipewi mbwa mwenye mimba. Na mtajie kila dawa aliyopewa mwaka huu, hata ile ya minyoo aliyoichoma bwana mifugo alipokuja kwa mbuzi. Ivomekitini, kwa mfano, hutolewa katika ubongo kwa mlango ule ule unaoitoa vinkristini, na wako mbwa, khasa wenye damu ya koli, yule mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo, ambao mlango huo wamezaliwa nao mbovu. Popi akiwa mbwa wa kijiji hasa, hatari hiyo ni ndogo. Ila ikiwa mama yake alitoka hotelini, kwenye mbwa wa kizungu, sema.

Jambo la mwisho kabla ya siku yenyewe ni friji. Vinkristini hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Umeme wetu unakuja kwa waya uliolala chini ya bahari kutoka bara, na sisi tuliokuwepo mwishoni mwa 2009 hadi Machi 2010 tunajua maana yake: miezi mitatu Unguja haina umeme, nikamwaga chanjo zangu zote kwa mkono wangu. Kumuuliza daktari dawa inakaa wapi, na imekuja vipi kutoka Dar, si utovu wa adabu. Daktari mzuri atafurahi kukuonyesha boksi lake la barafu.

Siku ya sindano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na haisemwi vya kutosha.

Vinkristini ikiwa ndani ya mshipa ni dawa. Ikivuja nje ya mshipa, hata tone moja, ni moto. Inaunguza nyama iliyouzunguka mshipa, na kidonda hakionekani siku hiyo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimchoma mbwa mmoja wa shamba, upande wa kaskazini, kwa sindano ya kawaida bila kanula, ule mrija mwembamba unaobaki ndani ya mshipa. Aliyemshika alikuwa kijana mmoja tu, na mbwa alivuta mguu nilipokuwa nusu ya dozi. Nilidhani haikuvuja. Siku ya tano niliitwa. Ngozi ya mguu ilikuwa imegeuka nyeusi mahali pakubwa kama shilingi, kisha ikadondoka, tukaona kano. Nilimfunga bendeji siku moja baada ya moja kwa muda wa miezi miwili. Alipona, ana kovu. Tangu hapo siichomi dawa hii bila kanula iliyofungwa vizuri, mshipa usiotobolewa siku hiyo, maji ya chumvi ya dripu yakitangulia kuonyesha kwamba njia iko wazi, dawa polepole, kisha maji ya chumvi tena ya kusafisha njia kabla ya kuchomoa.

Kwa hiyo kazi yako siku hiyo ni kumshika. Nenda na mtu wa pili anayemjua Popi, asiyemwogopa. Asile sana asubuhi. Mmoja amkumbatie shingo, mwingine azuie kiwiko cha mguu kisirudi nyuma, na wote mzungumze naye kama mnavyozungumza naye nyumbani. Akiwa mkali, daktari ampe dawa ya kumtuliza. Hilo ni bora kuliko kubahatisha. Ukiona mguu umevimba au anaulamba bila kuacha usiku huo au siku zinazofuata, piga simu saa hiyo hiyo. Usikande wala usipake kitu kabla daktari hajakuelekeza.

Siku hiyo akirudi nyumbani utaona kama hakuna kilichotokea. Pengine atalala zaidi. Kati ya siku ya pili na ya tano ndipo tumbo linapoweza kusumbua: hamu ya chakula kupungua, kutapika mara moja au mbili, choo kulainika, au kinyume chake, choo kufunga, kwani dawa hii hulegeza mwendo wa utumbo. Mwombe daktari dawa ya kuzuia kutapika uwe nayo nyumbani mapema, usingoje Jumapili usiku. Mpikie wali mlaini na kuku asiye na mifupa, au samaki aliyechambuliwa miba, bila nazi, bila pilipili, na kitunguu kisiguse sufuria maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Mpe kidogo kidogo, vuguvugu, harufu imvute. Wiki hizi asile nyama mbichi wala mabaki ya samaki ya pwani. Akikataa chakula siku moja, vumilia. Akikataa zaidi ya siku moja, au akitapika kila anywapo maji, mpeleke. Na tafadhali, usimpe panadoli, wala diklofenaki, wala ibuprofeni, hata robo ya kidonge. Vidonge vyetu vya maumivu vimeshaua mbwa wengi.

Siku ninayotaka uiandike ukutani ni ya nne hadi ya saba. Tumbo limetulia, wewe umeshapumua, na hapo ndipo chembe nyeupe za damu zinapofika chini kabisa. Mbwa wengi hawaonyeshi chochote. Wachache hupata homa, na homa katika siku hizo haisubiri asubuhi. Nunua kipimajoto cha dijitali, kiwe chake peke yake. Kipake mafuta ya mgando, kiingize kidogo njia ya haja kubwa, ungoje kilie. Joto la mbwa mzima ni 38 hadi 39.2, juu ya letu. Jambiani kuna jua kali, na mbwa akihema ulimi nje si lazima awe na homa, kwa hiyo mpime akiwa amelala kivulini kwa muda. Ukikuta 39.5 au zaidi, au amezubaa hata akisikia jina lake hainui kichwa, piga simu hata kama ni saa nane za usiku. Akipewa antibayotiki na dripu mapema, kwa kawaida baada ya siku mbili tatu yuko sawa. Akicheleweshwa, anaweza kufa kwa kitu ambacho si kansa.

Kwa sababu hiyo hiyo kila wiki damu ipimwe kabla ya sindano inayofuata. Ikiwa chembe nyeupe hazijapanda, daktari atasogeza sindano siku kadhaa, pengine atapunguza dozi. Usione kwamba matibabu yameharibika. Ratiba ya wiki sita ni ya karatasini. Mwili wa Popi ndio unaoamua. Mara chache sana dawa hugusa mishipa ya fahamu, mbwa akawa anakwaa kwa miguu ya nyuma. Hilo nalo liseme, huwa linarudi sawa dawa ikipunguzwa au ikisimamishwa.

Sasa watu wa nyumbani. Dawa ikishafanya kazi hutoka mwilini, zaidi kwa kinyesi na kiasi kwa mkojo. Inayotoka ni kidogo mno, lakini ni dawa ya kuzuia seli kujigawa, na ndani ya tumbo la mdogo wako kuna seli zisizofanya kazi nyingine ila kujigawa. Kwa hiyo yeye asishike kinyesi, matapishi, mkojo wala matandiko ya Popi, na asiwepo chumbani dawa inapochomwa. Kukaa nyumba moja naye hakuna neno. Wewe ikiwa bado unanyonyesha, kazi hiyo mwachie mtu mwingine, mume au kijana mkubwa. Anayeifanya avae glavu, aokote kinyesi akitie mfuko ndani ya mfuko, akifunge, kiende na taka, kisigeuzwe mbolea. Fanyeni hivyo wiki nzima baada ya kila sindano. Mkojo tahadhari yake iwe siku tatu kwa uchache. Mahali alipotapika pamwagiwe maji mengi na sabuni, kitambaa kitupwe. Tandiko lake lifuliwe peke yake, mara mbili.

Mchagulieni pahala pamoja pa kukojoa, penye jua, mbali na kisima na bustani ya mchicha. Ardhi yenu ya kusini ni maweni, maji hayakai juu. Kinachomwagwa leo hakichelewi kuteremka. Mtoto asitambae hapo. Siku tatu za mwanzo Popi asimlambe usoni wala mikononi. Baada ya hapo kumshika mgongoni hakuna tatizo, ilimradi mikono ioshwe. Nyumba nyingi za kwetu mbwa hukaa uwani, haingii ndani, kwa ajili ya twahara, na mazoea hayo safari hii yanakusaidieni. Glavu nazo zinafaa pande mbili: zinamkinga mtu na dawa, na zinamwondolea usumbufu wa kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, kila anapomhudumia. Nimewasikia wanaosema kuhangaika hivi na mbwa ni kupoteza fadhila. Wakumbushe yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa.

Utakachokiona wewe kwa macho ni hiki. Baada ya sindano ya kwanza damu hupungua, pengine ikakatika. Baada ya ya pili au ya tatu uvimbe husinyaa, rangi nyekundu ikapauka. Baada ya ya nne, mbwa wengi ukiwatazama huoni kitu. Na hapa, dada yangu, ndipo ninapowapoteza watu. Nauli kutoka Jambiani hadi mjini ni pesa, kumpakia mbwa kwenye gari ni kubembelezana na dereva, na mnyama anaonekana mzima kabisa. Wanaacha. Miezi michache baadaye damu inarudi, na mara hii seli zilizobaki ni zile zilizokwisha kuizoea dawa, haziisikii kama mwanzo. Jicho haliwezi kuona seli elfu moja zilizojificha kwenye kunjo. Ndiyo maana tunaendelea sindano moja au mbili baada ya uvimbe kutoweka. Wengine humaliza kwa nne, wengine sita, wengine nane. Panga pesa za sita toka mwanzo. Ikiwa huna za sita, tafuta kwanza, anza mwezi ujao. Kuchelewa kuanza kuna hasara ndogo kuliko kuishia njiani.

Wapo wanaoshauri kukata uvimbe kwa kisu yaishe. Kwa uvimbe mdogo sana huenda ikafaa, lakini mara nyingi hurudi, na pahala pale pana damu nyingi na njia ya mkojo ipo karibu. Sindano ni bora. Ikitokea sindano nne zimepita na uvimbe haujapungua, daktari asiendelee tu kwa mazoea. Kuna dawa nyingine, doksorubisini, yenye nguvu zaidi na inayotaka uangalizi wa moyo. Hapo aulize wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Msomaji mwingine asiyachukue haya yote kwa mbwa mwenye kansa nyingine. Limfoma, ile inayovimbisha tezi za shingo na za nyuma ya magoti, nayo hutibiwa kwa vinkristini, lakini ikiandamana na dawa tatu zaidi, kwa miezi minne hadi sita. Bila dawa mbwa huyo huishi wiki chache. Akitibiwa, aghalabu hupata mwaka hivi wa maisha mazuri, kisha ugonjwa unarudi. Huko mtu akiniambia hana uwezo, na anataka mbwa wake apewe vidonge vya kumpunguzia taabu mpaka siku yake, namuunga mkono kwa moyo mweupe. Kwa Popi nisingemuunga mkono. Yeye ana nafasi ya kupona na kuzeeka.

Wiki zote hizi asipandane wala asizurure. Kila dume atakayempanda ataondoka na mbegu ya ugonjwa. Mfungeni usiku na mchana kama yumo kwenye joto, na mumtoe kwa kamba. Uvimbe ukishakwisha na damu yake ikiwa sawa, atolewe kizazi; joto litakatika, na madume hawatamfuata tena. Mwezi mmoja baada ya sindano ya mwisho arudi akaguliwe, na tena mwezi wa tatu. Siku hizo daktari atazame pia pua na mdomo, kwa sababu mbwa hujilamba, na seli huweza kuhamia huko. Akipiga chafya mfululizo au akitoka damu tundu moja la pua, usisubiri mwezi wa tatu.

Na yule dume. Kila jike niliyemtibu alikuwa na dume wake karibu, mara nyingi nyumba ya pili au hoteli ya ufukweni, na wenyewe hawana habari. Dalili kwake ni matone ya damu kwenye ngozi inayofunika uume, watu wakadhani kajikwaruza. Nenda kwa majirani zako wenye mbwa ukiwa na daktari kama anaweza kukufuata siku ya sindano ya pili, wawatazame mbwa wao siku hiyo hiyo. Akipatikana mgonjwa, mnaweza kupangiwa siku moja, dawa ikaja katika boksi moja la barafu, na gharama ya safari mkagawana.